Kufundisha Ukaguzi wa Makufuli: Funzo Tulilolipata Darasani

Walimu wenzetu wengi watakubaliana nasi kwamba hakuna kosa la ufundishaji linalojificha vizuri kama lile linaloambatana na majibu sahihi. Mwanafunzi akikosa jibu, mara moja twatafuta alipopotea. Akilipata jibu kwa njia mbovu, twampa alama zake, naye huondoka na ubovu huo akiudhani kuwa ni elimu. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi kosa la namna hiyo lilivyotupata sisi wenyewe tulipokuwa tukifundisha somo la mifumo endeshi ya kompyuta, hasa ile sehemu inayohusu kupita katika orodha zinazotumiwa na watendaji wengi kwa wakati mmoja ndani ya kiini cha Linux. Tutaeleza pia njia tuliyoishika baada ya hapo, kwa matumaini kwamba itawafaa hata wale wasiofundisha kompyuta.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu zote prosesa, kumbukumbu na vifaa vya mashine. Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa kwa watu mwaka 1991, kimejaa orodha za kila aina, kama vile orodha za kazi zinazoendelea na orodha za vifaa vilivyounganishwa. Orodha nyingi kati ya hizo ni mfano wa mnyororo: kila pingili hubeba habari zake pamoja na kielekezi kinachoonyesha pingili inayofuata. Kama mashine ingekuwa na prosesa moja inayofanya kazi moja tu, kuipitia orodha kusingekuwa na shida. Lakini siku hizi hata mashine ndogo huwa na prosesa kadhaa. Prosesa moja inapoipitia orodha, nyingine yaweza kuwa inaondoa pingili palepale. Ikiwa kumbukumbu ya pingili iliyoondolewa itarudishwa ghalani hali msomaji angali amesimama juu yake, msomaji atafuata kielekezi kisichoelekea popote. Hapo mashine husimama au, kwa bahati mbaya zaidi, huendelea na kazi ikiwa na habari za uongo.

Dawa ya zamani ya maradhi haya ni kufuli. Anayetaka kuipitia orodha hulishika kufuli, na wengine wote humngoja. Dawa hii ni nzuri, lakini ni ghali pale ambapo orodha husomwa mara nyingi na kubadilishwa mara chache. Kwa sababu hiyo ilibuniwa njia nyingine, ijulikanayo kwa herufi tatu, RCU. Asili yake ni kazi za Paul McKenney na John Slingwine katika kampuni ya Sequent katika miaka ya 1990, nayo iliingizwa katika Linux mwezi Oktoba mwaka 2002. Katika njia hii msomaji hamzuii mtu. Hutangaza tu kwamba ameanza kusoma, na baadaye hutangaza kwamba amemaliza. Mwondoaji huichomoa pingili kutoka katika mnyororo, lakini haruhusiwi kuirudisha kumbukumbu yake ghalani mpaka wasomaji wote waliokuwa wameanza kabla ya hapo wawe wamemaliza. Waondoaji wao kwa wao bado hutumia kufuli la kawaida, wasije wakagongana.

Maelezo haya, tukiyaandika ubaoni peke yake, huwachosha wanachuo. Basi tukazoea kuwatoa nje uwanjani. Wanachuo kumi husimama mstari mmoja, kila mmoja akiweka mkono wa kulia juu ya bega la anayemfuata. Hao ndio pingili. Mwanachuo mwingine hufungwa macho, naye hupita akipapasa mkono wa mmoja mpaka bega la pili, akitaja jina la kila anayemfikia. Huyo ndiye msomaji, na mkononi hubeba kitambaa cheupe ambacho hukiinua anapoanza na kukishusha anapomaliza. Mwondoaji hupewa ufunguo wa mlango wa darasa. Ufunguo ni mmoja tu, na asiye nao haruhusiwi kumwondoa mtu. Anapomwondoa mtu, aliye nyuma ya huyo huuhamisha mkono wake mpaka kwenye bega la aliye mbele yake. Kuanzia hapo wasomaji wapya hawamwoni tena aliyeondolewa. Hata hivyo, yeye mwenyewe hasogei wala hautoi mkono wake begani mwa aliye mbele, mpaka vitambaa vyote vilivyokuwa juu wakati wa kuondolewa kwake vishushwe. Ndipo mwondoaji humwambia, "Haya, nenda kaketi."

Mchezo huu huwaingia wanachuo upesi. Husahau herufi za RCU, lakini hawasahau kwamba aliyeondolewa haondoki mara moja.

Baada ya somo hilo tuliwapa wanachuo zoezi la vitendo. Kila kikundi kiliandika moduli ndogo ya kiini yenye orodha ya majina. Moduli hiyo ilitakiwa kuyachapa majina yote huku mengine yakiondolewa. Vikundi vilikuwa sita. Kikundi cha sita kilikuwa na mwanachuo mmoja tu wa kike, kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa. Tuliwaeleza kwamba tungetazama mambo mawili: majina yachapwe sawasawa, na mashine isisimame.

Siku ya kusahihisha, vikundi vitano vya kwanza viliendesha moduli zao mbele yetu pasipo kasoro. Majina yalitoka kama yalivyotakiwa na mashine zikatulia. Ilipofika zamu ya yule mwanachuo, majina yake nayo yalitoka sawa, lakini pamoja nayo kioo kilijaa maandishi marefu ya onyo kwamba orodha imepitiwa nje ya sehemu ya kusomea. Tukamwagiza aipitie orodha mara ya pili bila kuiondoa moduli. Mara hii onyo halikutokea. Tukaona kwamba kazi yake haitegemeki: mara yalia, mara yanyamaza. Alijaribu kutueleza. Alisema, "Samahani, Mwalimu, nadhani mkaguzi hajui kwamba kufuli ninalo." Sisi tukamjibu, mbele ya wenzake, kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Darasa likacheka. Tukampa alama chini ya nusu, na wale wengine tukawapa alama za juu. Orodha ya alama tukaipeleka ofisini jioni ile ile.

Majuma mawili baadaye tulikuwa tukitayarisha somo lililofuata, linalohusu ukaguzi wa makufuli. Ilitupasa tujifunze kwanza sisi. Tulisoma kuhusu lockdep, mkaguzi aliyeandikwa na Ingo Molnar na kuingizwa katika Linux toleo la 2.6.18 mwaka 2006. Mkaguzi huyu hangoji ajali itokee. Huandika kila kufuli linaloshikwa, limeshikwa baada ya lipi na katika hali gani, kisha hulia akiona mpangilio unaoweza kuleta mkwamo siku moja, hata kama siku hiyo haijafika. Kwa maneno mengine, yeye huhukumu desturi kabla ya tukio. Tukasoma pia kwamba mwaka 2019 Joel Fernandes aliuongeza ukaguzi huo katika ile amri inayotumika kuzipitia orodha za RCU, list_for_each_entry_rcu, na kazi hiyo ikatoka katika toleo la 5.4. Tangu hapo, kiini kikiundwa kwa chaguo liitwalo CONFIG_PROVE_RCU_LIST, kila mara orodha ya namna hiyo inapopitiwa mkaguzi huuliza: je, huyu ameinua kitambaa? Kama hakukiinua, onyo hutolewa.

Tulipofika hapo tulianza kuona haya. Kwa kawaida chaguo hilo halifunguliwi. Ni lazima mtu alifungue kwa makusudi anapokiunda kiini chake. Vikundi vile vitano vilitumia kiini kilichokuwa tayari katika mashine za darasa, kisicho na mkaguzi. Yule mwanachuo alikuwa amekiunda kiini chake mwenyewe usiku, akamfungua mkaguzi ili ajipime. Hapakuwa na ajabu kwamba mashine yake ndiyo pekee iliyosema, kwa maana zile nyingine hazikuwa na mdomo.

Tukazichukua moduli zote sita, tukaziunda upya na kuziendesha katika kiini chenye mkaguzi. Zote sita zililia. Kisha tukaufungua msimbo wenyewe na kuusoma mstari kwa mstari, kazi ambayo ingefaa tuifanye siku ya kwanza. Katika moduli tatu kati ya zile tano za kwanza, orodha ilipitiwa bila amri ya rcu_read_lock, na bila kufuli la namna yoyote. Katika mbili nyingine kitambaa kiliinuliwa, lakini kilishushwa mapema mno, kabla ya safari kwisha. Katika moduli ya yule mwanachuo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Yeye alikuwa na kifungu kimoja cha kutafuta jina, kilichotumiwa na msomaji na mwondoaji pia. Msomaji alikiingia akiwa ameinua kitambaa, kama inavyotakiwa. Mwondoaji alikiingia akiwa ameshika kufuli la waondoaji, lile la aina ya myuteksi. Kwa kuwa mwenye kufuli ndiye peke yake awezaye kuondoa, hakuna pingili ambayo ingeweza kutoweka chini ya miguu yake. Safari yake ilikuwa halali. Ila mkaguzi aliona mtu asiye na kitambaa, wala hakuambiwa kwamba ana ufunguo mfukoni, naye akapiga kelele.

Hilo ndilo alilotaka kutueleza tulipomnyamazisha. Dawa yake ilikuwa kuongeza neno moja tu. Ile amri ya kuipitia orodha hukubali sharti la ziada mwishoni, ambamo mwandishi humwambia mkaguzi: ama kitambaa kiwe juu, ama kufuli hili hapa liwe limeshikwa. Tulipoliandika sharti hilo kwa kulitaja kufuli lake, onyo halikutokea tena. Na ule unyamavu wa mara ya pili, tulioutolea ushahidi wa ubovu, ulikuwa ni desturi ya mkaguzi mwenyewe: akishalia mahali fulani mara moja, hapo harudii, ili asikijaze kioo.

Basi palikuwa na kosa lenye sura mbili. Mwenye haki alilia, tukamwadhibu. Wenye hatia walinyamaza, tukawazawadia. Tena wale watano hawakuwa wametudanganya. Majibu yao yalikuwa sahihi kweli, na sababu zake zaeleweka. Kiini kilichokuwa katika mashine za darasa ni cha aina isiyomnyang'anya mtendaji prosesa angali ndani ya kiini, mpaka aiache mwenyewe. Katika kiini cha aina hiyo amri ya rcu_read_lock haiongezi kazi yoyote ya maana, na asiyeitamka hupata kinga ileile maadamu halali njiani. Lakini kinga hiyo ni ya kubahatisha. Moduli ileile ikihamishiwa kwenye kiini kinachoruhusu mtendaji kukatizwa, au mtu akiongeza baadaye amri inayoweza kumlaza msomaji katikati ya safari, kinga hutoweka bila herufi hata moja ya msimbo wa zamani kubadilika. Hata hapo huenda siku nyingi zikapita pasipo ajali, kwa sababu kumbukumbu iliyorudishwa ghalani mara nyingi hubaki na maandishi yake ya zamani kwa kitambo, mpaka apatikane mwingine wa kuitumia. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tulirudi darasani tukaeleza yote, bila kuacha neno la debe tupu. Tulimwomba radhi yule mwanachuo mbele ya wale wale waliocheka. Tukaandika barua ofisini ili alama zake zirekebishwe, na zikarekebishwa. Wenzake hatukuwapunguzia kitu. Tulikuwa tumewaambia waziwazi kwamba tungetazama majina na utulivu wa mashine, nao walitupa vyote viwili. Aliyeuliza vibaya hana haki ya kumwadhibu aliyejibu alichoulizwa. Tuliwataka tu wazitengeneze moduli zao. Yule mwanachuo alipokea radhi yetu kwa adabu. Lakini twakiri kwamba muhula ule hakuinua tena mkono darasani kuuliza swali. Alama twaweza kuzirudisha kwa barua. Ujasiri wa mwanafunzi hauna ofisi ya kuupelekea barua.

Kutokana na hayo tumebadili njia ya kufundisha na ya kusahihisha. Kwanza, katika mchezo wa uwanjani tumeongeza mtu wa kumi na tatu: mkaguzi, mwenye daftari. Yeye haulizi kama msomaji amefika salama. Humtazama kila anayegusa bega la kwanza na kumwuliza, "Wapita kwa kinga gani?" Tena kwa makusudi twampitisha msomaji asiye na kitambaa mara nyingi, naye mara nyingi hufika salama, kwa kuwa mwondoaji hakubahatika kumwachia mtu wakati huohuo. Wanachuo husema, "Basi kitambaa si lazima." Hapo ndipo somo huanza. Twawaacha wabishane mpaka mmoja wao aseme kwamba kufika salama hakuonyeshi kuwa njia ilikuwa salama.

Pili, kwa kila mstari wa msimbo unaopita katika orodha, mwanachuo sharti aandike kando yake sentensi moja ya kueleza haki yake ya kupita. Majibu halali ni matatu. Aweza kusema kwamba yumo ndani ya sehemu ya kusomea. Aweza kusema kwamba ameshika kufuli la waondoaji, na alitaje ni lipi. Au aweza kusema kwamba hakuna mwingine awezaye kuifikia orodha hiyo kwa wakati huo, kama vile inapoundwa kwa mara ya kwanza. Hapo aeleze amejuaje. Sentensi hiyo ina nusu ya alama zote. Majina yaliyochapwa sawasawa yana robo, na robo iliyobaki ni ya kuendesha moduli katika kiini chenye mkaguzi na kulifafanua kila onyo linalotokea. Onyo lenyewe halimpunguzii mtu alama. Kinachopunguza ni kutoweza kulieleza.

Tatu, twawatahadharisha wanachuo wasimgeuze mkaguzi kuwa mungu wao. Mkaguzi huiona tu njia iliyopitwa siku hiyo; kifungu ambacho hakikuendeshwa hakikukaguliwa. Tena huamini anachoambiwa. Mwandishi akitaja kufuli lisilohusika na orodha ile, na kufuli hilo likawa limeshikwa kweli, mkaguzi atatosheka. Na yuko mwanachuo aliyegundua kwamba akiandika tarakimu 1 mahali pa sharti, yaani sharti lililo kweli siku zote, maonyo yote hukoma. Kazi yake ilikuwa tulivu kuliko zote. Tulipomwuliza ile sentensi ya kando, hakuwa nayo. Huyo hatukumkemea, maana alifanya kama tulivyofanya sisi: alikitafuta kimya badala ya kinga.

Huenda mwalimu wa hesabu au wa maarifa ya jamii akauliza, haya yamhusu nini yeye ambaye hatakigusa kiini cha kompyuta maisha yake yote. Twaona yanamhusu. Mwanafunzi anayegawa sehemu kwa kanuni asiyoielewa hupata jibu lililo sawa na la mwenzake aliyeelewa, mpaka siku swali litakapogeuzwa kidogo. Mwanafunzi anayekariri sababu za vita fulani hupata alama zilezile za aliyezipima. Mwalimu anayesahihisha jibu peke yake ni sawa na kiini kisicho na mkaguzi: hana kelele, na darasa lake huonekana limetulia. Anapoanza kuuliza "kwa kinga gani?" darasa huwa na kelele. Kelele nyingine zitatoka kwa wale walio na haki lakini hawajapata maneno ya kuieleza. Hao ndio wa kuwasikiliza kwanza.

Kwa upande wetu, ufunguo ule wa mlango wa darasa bado twautumia uwanjani kila mwaka. Mwondoaji anapoupita mstari bila kitambaa, mkaguzi humpigia kelele kama kawaida. Siku hizi hatusemi neno. Twangoja mpaka mwanachuo mwenyewe aukumbuke ufunguo, auinue juu, na kusema ni wa mlango upi.